Kwa Nini Paa Kuukuu la Bwawa la Ndani Hubadilishwa

Paa la bwawa la kuogelea la ndani haliharibiwi na mvua pekee, bali pia na hewa iliyo chini yake. Mvuke wenye kemikali za klorini hupanda, huganda kwenye vyuma na kuvidhoofisha polepole. Tarehe 9 Mei 1985, dari ya zege ya bwawa la umma mjini Uster, Uswisi, lililofunguliwa mwaka 1972, iliporomoka na kuua watu 12. Fimbo za chuma cha pua zilizoishikilia zilikuwa zimepasuka kutokana na kemikali hizo. Kwa hiyo, kuziba mahali panapovuja hakutoshi: vishikizo vyote hukaguliwa, vilivyodhoofika hubadilishwa, na mfumo wa kuingiza na kutoa hewa huimarishwa.