Land Rover za zamani: namna ya kujua kipande cha bodi kilitoka wapi

Vita vikifukuza watu, gari bovu hubaki nyuma. Miaka ikipita linakatwa: mlango unaziba banda la kuku, madigadi inaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwenyewe akirudi, hakuna wa kumwambia kipande hiki kilikuwa cha gari gani. Kwa Land Rover za zamani, bodi yenyewe inaweza kujibu.

Kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha miaka mitatu tu. Chuma kilikuwa adimu, alumini ikapatikana. Ndiyo sababu bodi ilitengenezwa kwa alumini, na mabamba yakaachwa karibu bapa ili kampuni isinunue mitambo ghali ya kuyakunja.

Basi jaribio la kwanza ni sumaku. Ikikataa kushika madigadi au ubavu, na hakuna kutu, huenda kipande ni cha Land Rover. Chasi, na ukuta unaotenga injini na viti, ni vya chuma. Hivyo ndivyo vinavyoliwa na kutu.

Lakini sumaku inaweza kupotosha, na sababu iko Ubelgiji, nchi iliyotawala Kongo. Tangu 1952 kiwanda cha Minerva cha Antwerp kiliunda Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na bodi zake zilikuwa za chuma. Madigadi zake za mbele zinateremka mshazari, wakati za Uingereza zimesimama wima mbele. Madigadi ya mshazari yenye kutu, kwa hiyo, nayo inaweza kuwa ya Land Rover.

Baada ya hapo, tazama taa na ubavu. Za mwaka 1948 zilikuwa na taa nyuma ya wavu wa mbele. Baadaye taa zilitokeza kwenye wavu, lakini zikabaki katikati ya madigadi mbili. Karibu na 1968 na 1969 ndipo zilipohamia kwenye madigadi zenyewe. Kwa hiyo madigadi yenye tundu kubwa la taa si ya gari la miaka ya 1950. Ubavu ulionyooka kabisa kwa kawaida ni wa kabla ya 1958. Tangu mwaka huo sehemu ya juu ilipewa mviringo. Wavu wa plastiki ulikuja na Series III, mwaka 1971.

Alama hizo zinataja aina na umri, hazimtaji mwenyewe. Mabamba ya Land Rover hufungwa kwa bolti, na mafundi huyahamisha kutoka gari moja hadi lingine. Gari moja linaweza kuvaa milango ya magari mawili. Ushahidi wa mali ni namba iliyogongwa kwenye chasi, ikilinganishwa na ile ya kwenye karatasi za gari. Familia iliyokimbia na karatasi hizo izitunze, au iandike namba hiyo mahali pengine pia.

Muda ni mfupi. Katika miji mingi ya Afrika alumini chakavu huyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu za mchanga kutengeneza sufuria. Madigadi ikishaingia motoni, haina tena umri wala asili ya kueleza.