Lupita kabla ya Oscar

Reli ya zamani ya Kenya ikishatoka Kibwezi huteremka hadi Mtito Andei, kisha Tsavo, ambako simba wawili waliwala wajenzi wake mwaka 1898. Kisa hicho Hollywood ilikipenda sana. Mwaka 1952 ikakitoa kwa jina la Bwana Devil, sehemu kubwa ikipigwa California. Mwaka 1996 ikakirudia katika The Ghost and the Darkness, mara hii Afrika Kusini. Simba wetu, nyota wao.

Hata walipokuja kupiga filamu hapa hapa, nyota walikuja nao. Mogambo ya mwaka 1953 iliwaleta Kenya Ava Gardner na Grace Kelly. Kati ya Waafrika wa filamu hiyo wamo wapagazi na wapiga makasia. Kelly, binti wa miaka 24, akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Tuzo hiyo tutaikuta tena.

Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake, Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Akalelewa Kenya. Kumwona Whoopi Goldberg katika The Color Purple ndiko kulikompa wazo kwamba kazi hii hata yeye anaiweza. Akiwa na miaka 14 alikuwa Juliet kwenye jukwaa la Phoenix Players, Nairobi.

Kisha ikaja The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya mwaka 2004. Lupita alikuwamo, lakini si mbele ya kamera: alikuwa wa kutumwa, nenda huku, rudi kule. Upagazi ule ule, ukitaka kuuita hivyo, ila huu ulikuwa na masikio. Ralph Fiennes, nyota wa filamu hiyo, alimuuliza anataka kufanya nini maishani. Akajibu, kwa haya kidogo, kwamba anataka kuigiza. Fiennes akamwonya: usiingie humo ila kama huwezi kuishi bila uigizaji. Mwenzake Fiennes, Rachel Weisz, akaondoka na Oscar ile ile mwaka 2006.

Mwaka 2009 Lupita akaongoza In My Genes, filamu ya hali halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino, na akaigiza katika tamthilia ya Shuga. Halafu Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu 2012 huku tayari ameshapewa nafasi ya Patsey, mtumwa wa shamba la pamba Louisiana, katika 12 Years a Slave.

Tarehe 2 Machi 2014 ilikuwa usiku Los Angeles. Kenya kulikuwa kumekucha Jumatatu. Mwigizaji Christoph Waltz akafungua bahasha, akalitaja jina la Lupita kwa tuzo aliyoikosa Grace Kelly miaka 60 nyuma.