Biblia kwa Marafiki wa Kitale na Bungoma
Marafiki, au Wakwekari, ni Wakristo wanaosisitiza nuru ya Mungu ndani ya mtu. Wamisionari wao Wamarekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Lugulu, Bungoma, ikawa kituo muhimu. Mmisionari wao Emory Rees aliongoza tafsiri ya Agano Jipya kwa Kilogooli, lugha ya Wamaragoli, lililotoka 1925. Biblia nzima kwa lugha hiyo ilitoka 1951. Lakini Biblia ya Kiswahili ya Union Version, ya 1952, inavuka mipaka ya makabila, jambo la maana penye mchanganyiko wa watu kama Kitale na vitongoji vyake, kikiwemo Kibomet.

Wanaoamini kwamba Biblia imevuviwa na Mungu hutegemea 2 Timotheo 3:16, lakini andiko hilohilo hutaja mafundisho na maonyo: yaani Neno ni la kufanyiwa kazi nyumbani, shambani na sokoni, si la ibada ya Jumapili pekee.