Swichi ya kukata betri: Kinga ya gari linalolala muda mrefu

GARI likiegeshwa kwa wiki kadhaa katika tambarare za Ndara, karibu na Voi, kinachokufa kwanza si injini wala magurudumu, bali betri. Jambo hili linawagusa wengi katika Kaunti ya Taita Taveta: wenye malori ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi na ile ya kwenda Taveta hadi mpakani, wenye magari ya watalii wa Tsavo ambayo hukosa kazi msimu ukiwa mbaya, na wale wanaoacha magari nyumbani wakirejea kazini mijini.

Sababu ni kwamba kuzima gari si kukata umeme wote. Saa, redio, king'ora cha wizi, kompyuta ya injini na kifaa cha kufuatilia gari huendelea kunyonya. Katika gari lisilo na hitilafu, kiasi hicho kwa kawaida hakizidi miliampea 50. Kinaonekana kidogo, lakini ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 hupoteza nusu ya akiba yake katika siku 25. Sahani za betri iliyoachwa bila chaji huota ukoko wa salfeti, na ukoko huo ukikomaa hauondoki. Ndiyo maana betri iliyokufa mara mbili tatu, hata ikiamshwa kwa jampa, haidumu.

Tiba nyepesi ni swichi ya kukata betri, ambayo hukaa kati ya betri na gari zima. Iko ya kisu, inayofungwa juu ya kichwa cha betri na kuinuliwa kwa mkono. Iko ya kirungu cha kulegeza kwa vidole. Na iko ile ya ufunguo mwekundu, iliyozoeleka katika malori, inayofungwa mahali ambapo dereva anaifikia bila kufungua boneti. Ya mwisho ni ghali zaidi, ila ndiyo inayofaa kwa anayekata na kuunga kila siku.

Katika magari mengi ambayo bodi yake imeungwa na upande wa hasi, swichi hufungwa kwenye waya wa hasi. Fundi anayelegeza kichwa cha chanya kwa spana huku hasi ikiwa bado imeungwa, spana ikigusa bodi, huwa amefunga mzunguko mzima kwa kipande cha chuma. Cheche zinazoruka hapo, karibu na hewa ya haidrojeni inayotoka kwenye betri ikichajiwa, zimewahi kupasua betri na kuwamwagia watu asidi usoni. Hasi ikishakatwa, spana hiyo hiyo ikigusa bodi hakuna kitu.

Ukubwa wa swichi usikadiriwe kwa macho. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 150 hadi 300. Ya lori la dizeli huvuta zaidi sana. Swichi dhaifu hupata moto, plastiki ikayeyuka, na kifaa kilichonunuliwa kuzuia moto kikawa ndicho chanzo chake. Vumbi jekundu la Tsavo nalo huingia kwenye viungo. Swichi iliyolegea hufanya stata igugumie, na mwenye gari akalaumu betri nzima isiyo na kosa.

Kosa baya zaidi ni kukata swichi injini ikiwa inanguruma. Katika gari la kawaida injini haizimiki, kwa kuwa alternata inaendelea kuilisha. Lakini betri ndiyo iliyokuwa ikituliza umeme huo. Ikiondolewa ghafla, volti huruka na kuunguza dayodi za alternata au kompyuta. Magari ya mbio, yakiwamo ya Safari Rally iliyoanza mwaka 1953, hutumia swichi ya namna nyingine, inayokata betri na kuzima injini kwa pamoja. Alama yake ya nje, radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu, huwaonyesha waokoaji mahali pa kukatia. Kwa malori mapya yenye tangi la kimiminika cha kusafisha moshi, dereva angoje dakika chache baada ya kuzima, hadi pampu imalize kazi yake.

Gari la kulala safarini, lenye friji na taa za kambini, huwa na betri mbili: ya stata na ya matumizi ya nyumbani. Kila moja yahitaji swichi yake, la sivyo friji ya usiku mmoja itamnyima msafiri stata asubuhi, na ndani ya mbuga yenye simba si busara kushuka kusukuma gari. Paneli za sola zikatwe kabla ya betri, kwani baadhi ya vidhibiti vya chaji huharibika vikilishwa na jua bila betri.

Swichi pia ina mipaka. Haizuii betri kujimaliza yenyewe, na joto huharakisha hali hiyo: kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi yake huwa takriban maradufu. Kwa hiyo hata betri iliyokatwa ipimwe kila mwezi. Iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikifika 12.2, imebaki nusu na ichajiwe. Vilevile swichi hukata king'ora na kifaa cha kufuatilia gari, jambo linalomfurahisha mwizi. Baadhi ya mafundi hukiachia kifaa hicho waya wake wenye fyuzi ndogo moja kwa moja kutoka kwenye betri. Dereva akisahau na kupiga stata swichi ikiwa imekatwa, kifaa kilichopewa waya wake pekee hakidhuriki; lakini fyuzi ikiwa imefungwa kuvuka swichi yenyewe, huungua papo hapo, na nyingine ya akiba haina budi kuwa ndani ya gari.

Umeme ukirudishwa, saa itahitaji kurekebishwa, baadhi ya redio zitadai namba ya siri, na injini yaweza kutetemeka kidogo kwa kilomita chache za mwanzo.