Nairobi hadi New York: Ni kilomita ngapi, na ndege huchukua muda gani?

Umbali wa angani kati ya Nairobi na New York ni takriban kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja huchukua kama masaa 15 kwenda na masaa 14 kurudi.

Safari hiyo ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, kutoka uwanja wa JKIA hadi JFK, kwa ndege aina ya Boeing 787 Dreamliner. Kabla ya hapo, abiria walilazimika kubadilisha ndege njiani, mfano Ulaya, Ghuba au Addis Ababa.

Kwa nini kwenda ni kurefu zaidi?

Sababu ni upepo. Juu kabisa angani, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani ndege inapambana nao, ukirudi unaisukuma.

Utafika saa ngapi?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Nairobi iko mbele ya New York kwa masaa 7, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Miezi mingine tofauti ni masaa 8, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa nyuma, Kenya haibadilishi.

Mfano wa mwezi Julai:

• Kwenda: Unaondoka Nairobi Jumatatu saa 5:30 usiku. Unatua New York Jumanne saa 1:30 asubuhi. Nyumbani wakati huo ni saa 8:30 mchana.

• Kurudi: Unaondoka New York Jumatano saa 6:30 mchana. Unatua Nairobi Alhamisi saa 3:30 asubuhi.

Kumbuka tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo. Pia hutumia mtindo wa 23:30, yaani saa 5:30 usiku kwa Kiswahili. Ndege ikiandikwa 00:15 Jumanne, unatakiwa uwe uwanjani Jumatatu usiku. Ukienda Jumanne usiku, ndege imeshaondoka usiku uliotangulia! Mwambie hivyo hivyo na anayekuja kukupokea.

Je, ukiunganisha ndege?

Safari inaweza kufika masaa 20 au zaidi, kulingana na muda wa kusubiri. Wakati mwingine nauli huwa nafuu, lakini hakikisha kwanza kama nchi unayopitia inadai viza ya kupita. Ukikosa, unaweza kuzuiwa kupanda ndege hapo hapo Nairobi.

Ukiwa ndani ya ndege

Kukaa masaa mengi bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Inuka utembee kila baada ya muda, nyoosha miguu na unywe maji. Mjamzito, au mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amuone daktari kabla ya kukata tiketi.