Farasi Aliyevishwa Milia

Kuna picha ya zamani ambayo kila nikiiona huanza kwa kucheka. Ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huku kwetu Afrika Mashariki: farasi mdogo mweupe amepakwa milia mwili mzima, ili adui akimwona kwa mbali adhani ni punda milia anayejilia majani. Kicheko hukatika nikikumbuka yaliyotangulia. Kabla ya watu kumgeuza farasi kuwa punda milia, walikuwa wamekwisha kujaribu, papa hapa chini ya Kilimanjaro, kumgeuza punda milia kuwa farasi.

Pwani weupe wa mnyama ulikuwa fahari. Wenye uwezo Unguja walipanda punda wakubwa weupe wa Maskati, na mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, ilitia nanga New York ikiwa na farasi wa Kiarabu wa zawadi kwa rais wa Marekani. Huku mlimani farasi hakuwa na kazi. Mchagga ng'ombe wake alimfungia ndani, akamkatia majani na kumletea. Katikati ya migomba na mifereji ya kihamba, nani angepiga mbio? Na huko tambarare farasi alikufa tu. Akinusurika na nagana inayoenezwa na ndorobo, kulikuwa na ugonjwa wa farasi wenyewe, ambao virusi vyake husambazwa na usubi kuanzia jua linapozama. Mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na baada ya siku chache mnyama wa bei kubwa ni mzoga. Punda milia hubeba virusi hivyo hivyo na wala haonyeshi kuugua.

Wajerumani walioshindwa na Mangi Meli wa Moshi mwaka 1892, wakarudi na kumshinda mwaka 1893, walikaa na boma lao Moshi wakiitazama mbuga iliyojaa hao wasiougua. Reli ya kutoka Tanga ingefika Moshi mwaka 1911. Mpaka hapo mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha mpagazi. Ndipo Bronsart von Schellendorff, aliyekuwa afisa wa jeshi la koloni, akaingia katika biashara. Alianza na kampuni ya kufuga mbuni chini ya mlima, kisha akawageukia punda milia: awafukuze kwa makundi mpaka ndani ya maboma ya miti, awafunze lijamu, awapandishe na farasi, auzie jeshi.

Hapa naona jina lilimponza. Wasomi wa Kijerumani wa wakati huo walimwita mnyama huyu Tigerpferd, yaani farasi wa chui milia. Mswahili alishamtazama siku nyingi akaona punda, akaishia hapo. Basi Mjerumani akamtarajia awe farasi. Punda milia huuma na haachii, mateke yake yamevunja taya za simba, na mgongo wake haukuumbiwa mtu wa kilo 80 na bunduki. Wengi walikufia mle ndani ya maboma, na biashara ikafa nao. Waliofanikiwa kumpanda walibaki kuwa kioja cha mjini, kama Dk. Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyewazungukia wagonjwa wake Nairobi akiwa juu ya punda milia.

Chotara nao walizaliwa. Kule Scotland, Profesa Cossar Ewart alipata wake wa kwanza, Romulus, mwaka 1896, na baadaye Raymond Hook wa Nanyuki aliwatumia chotara wa namna hiyo kupandisha mizigo Mlima Kenya. Ni wanyama wenye nguvu, rangi ya mama na milia ya baba iliyofifia. Ila farasi ana kromosomu 64, punda milia wa mbuga zetu ana 44; mtoto hupata 54 na hazai. Kila mmoja lazima atengenezwe upya. Kiswahili hakikuhangaika hata kumpa jina. (Lugha iliyowapa baghala na yule mnyama wa Serengeti jina moja, nyumbu, ingemwongeza na huyu bila kutokwa jasho.)

Vita vikaja. Novemba 1914 wapanda farasi wa walowezi wa Kenya walipigana na Wajerumani Longido, mlima ukiwaangalia. Uwanda ule hauna pa kujificha, na farasi mweupe huonekana kama shuka iliyoanikwa. Ndiyo maana ya ile rangi ya milia. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na wapanda farasi wa kamanda wake van Deventer wakaendelea kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi, farasi wao wakifa njiani kwa mamia.

Weupe wenyewe una hadithi yake. Farasi wengi tunaowaita weupe huzaliwa weusi au kahawia, kisha huota mvi. Ngozi chini hubaki nyeusi. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden waligundua chanzo: kipande cha jeni iitwayo STX17 kilichojirudia. Mvi hizo zina gharama, maana wengi wao wakipita miaka 15 huota uvimbe wa saratani ya ngozi. Punda milia naye ni mweusi chini ya manyoya, na milia ni mpangilio ambao huweza kukosewa: mwaka 2019 huko Maasai Mara alionekana mtoto mwenye madoadoa meupe, akaitwa Tira, kwa jina la mwongoza watalii aliyemwona.

Mwaka huo huo mtafiti Tim Caro na wenzake walichapisha jaribio lao: huko Uingereza waliwavisha farasi mashuka, meusi, meupe na yenye milia. Pange, wale nzi wakubwa wanaonyonya damu, waliyajia yote sawasawa, lakini kwenye milia walishindwa kupunguza mwendo, wakapita au wakajigonga. Kichwani, palipokuwa wazi, walitua kama kawaida. Leo mashuka ya milia yanauzwa Ulaya kwa wenye farasi.

Kwa hiyo askari waliompaka farasi wao milia wakihofia darubini ya Mjerumani walimkinga, bila kujua, na nzi wa mchana. Usubi hutoka giza likiingia.