Vita Vilivyoamuliwa na Maksai

Sisi wa magazeti tuna swali letu moja kila pakitokea vita: nani kashinda? Leo, ndugu msomaji, nakuletea kisa cha jenerali aliyeshinda pambano, kisha akaiharibu mizinga yake mwenyewe na kurudi alikotoka.

Huyo ni Lord Cornwallis. Naam, yule yule aliyesalimu amri Yorktown, Marekani, mwaka 1781. Miaka kumi baadaye alikuwa India, Gavana Mkuu chini ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, akipigana na Tipu Sultani wa Mysore. Machi 1791 aliiteka Bangalore. Mwezi Mei akaelekea Seringapatam, makao makuu ya Tipu, mji ulio kisiwani katikati ya mto Kaveri. Mwendo wenyewe ni kilomita 120 hivi tu.

Tipu hakuwa mjinga. Alichoma malisho na nafaka njiani, akawahamisha watu na mifugo yao. Sasa hebu fikiria: mzinga mmoja wa kubomolea ngome ulihitaji maksai makumi kadhaa kuuvuta, na maksai hali baruti, anakula majani. Mvua nazo zikawahi. Maradhi yakaingia, wanyama wakafa kwa maelfu, na askari wakalazimika kuvuta mizigo wenyewe.

Tarehe 15 Mei, karibu na Arakere, Cornwallis aliwashinda askari wa Tipu, wakarudi nyuma hadi kisiwani. Mji ulikuwa mbele ya macho yake. Lakini angeuzingira kwa kitu gani? Mchele ulikuwa unakwisha, na wale watumishi na wachukuzi walioandamana na jeshi walikuwa wakila mizoga ya maksai. Tarehe 22 Mei akaamuru mizinga mikubwa iharibiwe.

Hapa ndipo mwandishi wa habari anaposhika kichwa. Siku chache tu baadaye, wakiwa wanarudi Bangalore, waliona wapanda farasi wakija. Wakadhani ni adui. Kumbe ni Wamaratha, washirika wao, wenye vyakula tele vya kuuza, tena kwa bei ya kuumiza! Walikuwa njiani siku zote hizo, ila wapanda farasi wa Tipu walikuwa wakiwakamata wajumbe. Taarifa haikufika, mizinga ikapotea.

Cornwallis alijifunza. Akawategemea Wabanjara, wafanyabiashara waliosafiri na familia zao na makundi makubwa ya maksai waliobeba nafaka mgongoni. Februari 1792 alirudi Seringapatam akiwa na chakula cha kutosha. Machi, Tipu alisaini mkataba: akapoteza nusu ya nchi yake, akatoa wanawe wawili kuwa rehani.

Basi, nani alishinda? Darasani tulikariri majina ya majenerali na tarehe za mikataba. Hatukuulizwa kuhusu mchukuzi aliyekula mzoga, wala mkulima aliyeona shamba lake likichomwa na mfalme wake mwenyewe ili adui asipate kula. Yeye alikula nini msimu ule?

Siku nyingine ukisoma kwamba jeshi fulani limesonga mbele, usiishie kuhesabu bunduki. Uliza wanakula nini, na chakula hicho kimetoka kwenye ghala la nani.

Tutafakari.